Ziara ya mizimu Weston: nenda kwanza mchana
Trans-Allegheny Lunatic Asylum, hospitali ya zamani ya wagonjwa wa akili mjini Weston, West Virginia, Marekani. Chukua ziara ya historia ya ghorofa zote nne kabla ya kulipia ile ya usiku. Hospitali hii ya mawe ya kuchongwa kwa mkono ilianza kupokea wagonjwa 1864. Ilikusudiwa watu 250. Miaka ya 1950 walifika 2,400. Ukilijua hilo, vyumba vyenyewe vinauma kuliko hadithi yoyote. Ilifungwa 1994.

Usiku wengi hukimbilia chumba cha Lily, mzimu wa mtoto anayeletewa midoli. Mpira ukijongea, uweke tena palepale mara tatu: ukielekea upande uleule, ni mwinamo wa sakafu. Vaa viatu vya kufunga, ngazi ni nyingi.