Ripa ya Magoye baada ya misimu mitatu shambani

Kwa misimu mitatu nimelitayarisha shamba letu la mahindi, lililo kwenye mteremko wilayani Karatu, kwa ripa ya Magoye, zana ya kukokotwa na maksai iliyobuniwa nchini Zambia, na tathmini hii ninawaandikia wakulima ambao bado wanategemea plau. Ripa haipindui udongo. Hufungwa kwenye mhimili wa plau ya kawaida baada ya kuondolewa sehemu inayopindua udongo, na ncha yake nyembamba hupasua mifereji ya kupandia tu, ambayo sisi huiachanisha kwa sentimita 75 hadi 90, huku ardhi ya katikati ikibaki bila kuguswa chini ya mabua ya msimu uliopita.

Shamba linapolimwa kila mwaka kwa kina kilekile, chini ya jembe hujengeka tabaka gumu ambalo maji hayalipenyi kwa urahisi, nayo hutiririka juu yakibeba udongo wenye rutuba. Katika mvua kubwa ya msimu wa pili, maji yaliyotoka upande tuliokuwa tumeulima kwa plau yalishuka mekundu hadi barabarani, lakini upande wa ripa mengi yalizama miferejini, na yaliyovuka yalipunguzwa kasi na mabua. Niliumia kuona ni udongo kiasi gani tulikuwa tukiupoteza miaka yote ile. Hata hivyo, ni lazima mifereji ikingame mteremko, kwani ikiteremka nao itageuka kuwa makorongo.

Ripa hutumika hata kabla ya mvua kunyesha, na maksai hawachoki sana kwa kuwa safari za kupita shambani ni chache. Kasoro yake kubwa ni magugu, ambayo plau huyafukia lakini ripa huyaacha. Palizi ya msimu wa kwanza ilitulemea mno, hadi tulipoanza kupanda ngwara, zao la jamii ya kunde linalotambaa, kati ya mistari ya mahindi ili ifunike ardhi. Kagueni pia chuma cha ncha, kwani ile ya kwanza tuliyochongewa na fundi ilipinda ndani ya wiki moja. Tabaka gumu lililo chini zaidi ripa hii hailifikii.

Kilimo hifadhi, yaani kilimo cha kutopindua udongo kama hiki cha ripa, hutaka angalau asilimia 30 ya uso wa shamba iwe imefunikwa kwa mabua na mabaki mengine, lakini kwetu mifugo huachiwa mashambani baada ya mavuno na kuyala. Kwa hiyo, kabla ya kununua ripa, zungumzeni na majirani kuhusu mabua.