Foldscope na seli ya mmea: tathmini ya hadubini ya karatasi

Mwalimu wa baiolojia anayetaka wanafunzi wake waione seli ya mmea ikiwa hai, badala ya kuishia kwenye mchoro wa ubaoni, ana sababu nzuri ya kuifikiria Foldscope. Hadubini hii ya karatasi ilibuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na maelezo yake ya kitaalamu yakachapishwa mwaka 2014. Mwili wake ni karatasi ngumu isiyopitisha maji ambayo mtumiaji huikunja mwenyewe, na lenzi yake ni gololi ndogo ya kioo inayokuza mara 140 na kutofautisha vitu vilivyoachana kwa takriban mikromita 2. Naipima hapa kwa kazi moja tu: inamwonyesha nini mwanafunzi kuhusu namna seli ya mmea inavyokua, inavyopata umbo na inavyopanga vilivyomo ndani yake.

Wapo watakaoidharau kwa kuwa ina lenzi moja. Nawakumbusha kwamba Robert Brown, aliyeeleza kiini cha seli mwaka 1831 alipokuwa akichunguza okidi, na ndiye aliyekipa jina, alikuwa akitumia hadubini ya lenzi moja.

Kitunguu maji ndicho mahali pa kuanzia. Ile ngozi nyembamba inayobanduka upande wa ndani wa gamba, ikiwekwa tone la iodini, huonyesha kuta za seli zilizopangana kwa safu, na ndani ya kila seli kiini chenye rangi ya kahawia. Hapo kifaa kinatosha kabisa, lakini seli zenyewe zimetulia, na mwanafunzi anaweza kuondoka akiamini kwamba seli ni chumba kisicho na shughuli.

Ndiyo maana napendekeza kwa moyo wote kwamba somo lisiishie kwenye kitunguu. Chukua jani changa la hydrilla, mmea wa majini unaoota katika Ziwa Victoria na ambao wauzaji wa samaki wa mapambo huuweka kwenye matangi yao. Jani lake lina tabaka chache tu za seli, hivyo halihitaji kukatwa wala kutiwa rangi. Linalazwa kwenye tone la maji, linafunikwa, na hadubini inaelekezwa kwenye mwanga wa dirisha, kamwe si kwenye jua lenyewe. Mwanzoni zitaonekana chembe za kijani, yaani kloroplasti, zimetulia kandokando ya ukuta. Mwanga ukiendelea kulipiga jani, chembe hizo huanza kusogea taratibu, moja nyuma ya nyingine, zikiuzunguka ukingo wa seli bila kukatiza katikati. Hazikatizi kwa sababu sehemu ya kati imejaa vakuoli, mfuko wa maji ambao katika seli iliyokomaa unaweza kuchukua asilimia 90 ya nafasi yote, nao ndio unaoibana saitoplazimu, yaani ute wa seli, ibaki tabaka jembamba pembeni. Kinachozisukuma ni protini za miosini zinazotembea juu ya nyuzi za aktini. Nyuzi hizo hazionekani, lakini mwendo wa kloroplasti unaonekana.

Jaribio la pili linalostahili muda ni la ua la bustani linaloitwa Tradescantia spathacea, lenye majani ya kijani juu na zambarau chini. Ngozi ya upande wa chini ina vakuoli zenye rangi yake ya asili. Ukiitonesha maji ya chumvi, rangi hujikunyata na kuachana na ukuta, huku ukuta wenyewe ukibaki na umbo lake. Ukirudisha maji yasiyo na chumvi kabla seli haijafa, rangi hutanuka tena na kugusa ukuta. Mwanafunzi anaona wazi pande mbili za ukuaji: maji yanasukuma kwa shinikizo ambalo mara nyingi huzidi lile la tairi la gari dogo, na ukuta unaamua msukumo huo uelekee wapi.

Ukuta unaamuaje? Hapo Foldscope inafika mwisho wake, na ni wajibu wa mwalimu kulisema hilo waziwazi. Katika seli inayorefuka, nyuzi za selulosi huizunguka kwa upana, hivyo seli haiwezi kunenepa kirahisi bali hurefuka. Nyuzi hizo hufumwa na vimeng'enya vinavyofuata njia za mirija ya protini iliyo chini ya utando wa seli, jambo lililoonyeshwa katika seli hai mwaka 2006. Mrija mmoja una upana wa nanomita 25, yaani mara 80 chini ya uwezo wa lenzi hii. Kwa sehemu hiyo, mchoro mzuri bado unahitajika.

Hata mgawanyiko wa seli kwenye ncha ya mzizi wa kitunguu ni afadhali ubakie kwa hadubini ya kawaida ya maabara inayokuza mara 400. Pia, Foldscope hutazamwa na mtu mmoja kwa wakati, hivyo kwa darasa kubwa inafaa kuishikiza kwenye kamera ya simu kwa sumaku zake, ili kundi zima lifuatilie kloroplasti zilezile kwenye kioo cha simu na kuzirekodi. Kwa shule isiyo na umeme wa uhakika katika maabara, ningeinunua kabla ya kununua seti yoyote ya slaidi zilizokaushwa.