DJI Mini 3 siku za mawingu mazito: uzoefu wangu

Naipenda sana droni hii. Haifiki hata gramu 250, lakini inatulia hewani kiasi kwamba video haitikisiki hata matawi ya miti yanapoyumba. Mtengenezaji anasema inahimili upepo wa hadi mita 10.7 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 38 kwa saa.

Ila ukiitazama ilivyotulia unaweza kudhani hali ni shwari. Kule juu upepo huwa mkali kuliko ule unaokupiga usoni, na katika hali ya kawaida Mini 3 haizidi mita 10 kwa sekunde. Ikikutana uso kwa uso na upepo unaokaribia kasi hiyo, haisogei, na betri inazidi kuisha. Zile dakika 38 za kuruka zinazotangazwa zilipimwa pasipo upepo. Kwa hiyo naanza kwa kuielekeza upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi isukumwe. Ikielemewa, naishusha kwanza kwenye upepo hafifu, halafu naiweka katika hali ya Sport, inayofika mita 16 kwa sekunde. Kitufe cha kurudi nyumbani sikitumii hapo, maana kinaweza kuipandisha juu zaidi kabla ya kuirudisha.

Wingu la radi ndilo ninaloliogopa kweli. Hewa baridi inayoporomoka pamoja na mvua husambaa juu ya ardhi na kulitangulia wingu kwa kilomita nyingi, hivyo upepo unaweza kukuvamia huku jua bado linawaka. Upepo ukigeuka ghafla na kuwa wa baridi, au nikiona vumbi linanyanyuka kwa mbali, natua papo hapo hata kama picha ni nzuri kiasi gani. Nikisikia ngurumo, hata ya mbali, natua na kuingia ndani ya nyumba au gari, na sitoki hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Anayesimama uwanjani na rimoti mkononi yuko hatarini kuliko droni yenyewe.

Mvua nayo haiwezi, kwa sababu haina kinga ya maji. Kwa kupiga picha za mawingu kutoka mbali naipendekeza bila kusita. Ambaye kazi yake haisubiri mvua ikatike atazame droni ya Matrice 30, yenye kinga ya IP55 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji) na inayohimili upepo wa mita 15 kwa sekunde, lakini penye radi hata hiyo isirushwe.