Uzoefu wangu: kuunda arifa upande wa seva kwa Firebase Admin SDK ya Java

Ninatunza seva ya programu ya simu inayowakumbusha watu miadi yao ya kliniki. Siku moja kabla ya miadi mtu anapata arifa, na miadi ikisogezwa au kufutwa anapata nyingine papo hapo. Ukiisikia hivyo utaiona ni kazi ndogo. Lakini arifa moja ikipotea kuna mgonjwa atafunga safari bure, au atamkosa daktari aliyemngoja wiki nzima. Kwa hiyo naandika kwa kirefu kidogo kuhusu Firebase Admin SDK ya Java, maktaba ya Google ninayotumia kuunda arifa hizo, nikiwalenga wenzangu wanaoandika msimbo wa seva na bado wanaunga JSON (maandishi yenye mpangilio maalumu ambayo seva hupeana) kwa mkono.

Sisi pia tulikuwa tukiunga kwa mkono. Kulikuwa na faili moja ndefu iliyojaa String.format, na ndani yake alama za asilimia mahali pa jina, tarehe na namba ya miadi. Ilifanya kazi mpaka siku mhudumu mmoja alipoandika maelezo yenye alama za kunukuu. JSON ikakatika katikati, FCM (Firebase Cloud Messaging, huduma ya Google inayofikisha arifa kwenye simu) ikaikataa, na arifa ya mgonjwa huyo haikwenda. Tukaziba tundu hilo, likafuata jingine. Kilichotusukuma kuhama kabisa ni tangazo la Juni 2023 kwamba njia za zamani za kutuma kupitia FCM zinastaafishwa. Kuzimwa kwake kulianza Julai 2024. Njia mpya, HTTP v1, haitumii tena ule ufunguo mmoja wa seva usiobadilika. Inataka tokeni ya OAuth 2.0, yaani kibali cha kuingia, ambayo muda wake ni mfupi, kama saa moja hivi, kisha inaombwa upya. Admin SDK inashughulikia hilo yenyewe, na kwangu sababu hiyo peke yake ilitosha kuijaribu.

Nilichokuja kukipenda zaidi lakini ni namna ujumbe unavyojengwa. Hugusi JSON kabisa. Unaanza na kijenzi, unakiongezea kipande kimoja kimoja, na mwisho unaita build():

```
Message ujumbe = Message.builder()
    .setToken(tokeni)
    .setNotification(Notification.builder()
        .setTitle("Miadi yako imesogezwa")
        .setBody("Fungua programu uone muda mpya.")
        .build())
    .putData("aina", "miadi_imesogezwa")
    .putData("miadi_id", "48213")
    .build();
```

Angalia hiyo 48213 iko ndani ya alama za kunukuu. Sehemu ya data inapokea maandishi tu, upande wa ufunguo na upande wa thamani. Namba haiingii, kweli au uongo haiingii, wala orodha. Mwanzoni jambo hili liliniudhi, kwa sababu kwenye hifadhidata yetu namba ni namba. Baadaye nilielewa kwamba hata kwenye simu, kwa Android, data inapokelewa kama ramani ya maandishi kwa maandishi, kwa hiyo ni afadhali seva iseme ukweli huo mapema. Tarehe sasa tunazituma kwa muundo wa ISO 8601 zikiwa na tofauti ya saa kutoka UTC, na simu ndiyo inayozigeuza kuwa saa ya pale mtu alipo.

Sharti hilo la maandishi lina mtego wake, nami niliuingia. Ili kompaila isininung'unikie, kila thamani niliipitisha kwenye String.valueOf. Katika Java, kitu kisichokuwepo kikipita humo hakileti hitilafu. Kinatoka kikiwa neno "null", herufi nne kamili. Mgonjwa mmoja akatuletea picha ya skrini yake: "Chumba: null". Yeye alidhani ni jina la chumba, na alipofika aliwauliza wahudumu kilipo. Picha ile niliitazama kwa muda mrefu. Tangu hapo hakuna thamani inayoingia kwenye putData bila kukaguliwa kwanza, na kama haipo basi ufunguo wenyewe hauwekwi kabisa.

Kijenzi kina ukali wake wa kufaa. Ujumbe lazima uwe na mlengwa mmoja tu: tokeni ya kifaa (utambulisho wa simu moja), au mada (kundi la simu zilizojiunga nayo), au sharti linalounganisha mada. Ukiweka viwili, au usipoweka hata kimoja, build() inakataa hapo hapo kabla ya kitu chochote kwenda mtandaoni. Jina la mada lenye nafasi katikati linakataliwa. Makosa ya namna hii yalikuwa yanatufikia usiku kutoka kwenye rekodi za seva, sasa yanajitokeza kwenye majaribio mchana, mtu akiwa ameketi mbele ya msimbo wake.

Hata hivyo kijenzi kinaangalia umbo. Maana ya ulichokiweka ni juu yako, na hapa nina kisa ambacho ningependa kila anayehama kutoka njia ya zamani akisome.

Kwenye njia ya zamani, muda wa ujumbe kusubiri simu isiyo hewani uliandikwa kwa sekunde. Arifa zetu za miadi kusogezwa zilikuwa na 86400, yaani siku nzima. Nilipokuwa nahamisha msimbo nikaandika setTtl(86400) na kuendelea na mengine. Majaribio yalipita na kompaila haikuwa na neno. Wiki iliyofuata malalamiko yakaanza, na yalikuwa ya ajabu kwa sababu hayakuwa ya kila mtu. Wenye iPhone hawakulalamika kabisa. Wenye Android wengi walipata arifa zao vizuri. Waliokosa ni baadhi tu, nao hawakuwa na simu ya aina moja wala toleo moja la programu. Kwenye rekodi zetu kila ujumbe ulionekana umekwenda, na namba ya utambulisho kutoka FCM ilikuwepo.

Siku mbili nilikuna kichwa. Namba ile ya utambulisho, kwanza, inasema FCM imeupokea ujumbe. Haisemi kwamba simu imeupata. Hilo nilikuwa nalijua, lakini sikuwa nimelipa uzito. Kisha nikampigia mmoja wa waliokosa nikamuuliza simu yake ilikuwa wapi saa ile. Akaniambia ilikuwa imezimwa, inachajiwa. Wa pili alikuwa safarini mahali pasipo na mtandao. Nikarudi kwenye maelezo ya setTtl nikasoma neno kwa neno: inapokea milisekunde. Siku yangu nzima ilikuwa imegeuka sekunde 86 na kidogo. Simu iliyokuwa hewani ilipata arifa mara moja, na iliyokosa mtandao kwa dakika mbili tu haikupata kitu. Wenye iPhone walinusurika kwa sababu muda wao tunauweka kando, kwenye kichwa kiitwacho apns-expiration, na hicho kinataka tarehe ya mwisho yenyewe kwa sekunde za Unix, zinazohesabiwa tangu mwanzo wa 1970.

Kosa lilikuwa langu, na niliwaandikia wote tuliowakosea. Katika msimbo wetu sasa hakuna mtu anayeita setTtl moja kwa moja. Kuna njia yetu ndogo inayopokea Duration, aina ya Java ya kubeba urefu wa muda, ikafanya hesabu zote mbili, milisekunde kwa Android na tarehe ya mwisho kwa Apple. Ukitaka saa 24 unaandika saa 24. FCM inaruhusu hadi wiki 4, na usipoweka kitu huo ndio muda inaouchukua. Kwa miadi hilo halifai hata kidogo, maana hakuna anayetaka kukumbushwa miadi iliyopita wiki tatu nyuma.

Kuna kosa jingine la maana ambalo kijenzi hakikulishika. Kwa arifa za kusogezwa niliweka funguo mbili, from na to, muda wa zamani na muda mpya. Ujumbe ulijengwa bila shida, ila FCM ikaurudisha na INVALID_ARGUMENT, yaani ujumbe wenyewe una kosa. Jina from limehifadhiwa kwa matumizi yake yenyewe, sawa na message_type na baadhi ya funguo zinazoanza na google au gcm. Tangu siku ile funguo zetu zote ni za Kiswahili, muda_wa_zamani na muda_mpya, na hakuna kugongana tena.

Kuhusu ukubwa, kikomo ni baiti 4096. Hesabu baiti, usihesabu herufi. Kiswahili cha kawaida ni baiti moja kwa herufi, lakini maandishi ya Kiarabu ni mbili mbili, na emoji moja mara nyingi ni nne. Sisi hatukaribii kikomo hicho kwa sababu tuliamua mapema kwamba arifa haibebi habari za mgonjwa. Inabeba aina ya tukio na namba ya miadi, basi. Simu ikifunguliwa, programu inaiuliza seva yetu yaliyobaki ikiwa na kitambulisho cha mtumiaji. Arifa inaonekana kwenye skrini iliyofungwa, na simu huachwa mezani, huazimwa, hushikwa na watoto. Jina la idara kwenye kichwa cha arifa linaweza kumfichulia jirani ugonjwa ambao mtu hajamwambia hata ndugu yake. Nawasihi wote wanaoshughulika na afya au fedha wasilipuuze hili kwa kuwa tu nafasi ya baiti ipo.

Uamuzi mwingine unaosumbua wengi ni kama utume sehemu ya notification (kichwa na maneno ya kuonyeshwa), au data peke yake, au zote. Ukituma zote na programu haiko mbele ya mtumiaji, Android yenyewe ndiyo inayoonyesha arifa, na data yako inaifikia programu pale tu mtu anapoigusa arifa. Ukituma data peke yake, msimbo wako ndio unaoamua kila kitu, ila kwenye iPhone ujumbe wa kimya unaweza kucheleweshwa au usifike kabisa. Kwa ukumbusho tunatuma zote. Data peke yake tumeibakiza kwa kazi moja, kuiambia programu ijisasishe kimya kimya, na humo hatuweki jambo ambalo mtu ataumia akilikosa.

Kwenye kutuma nitapita haraka. sendEach inachukua hadi ujumbe 500 kwa mara moja, na majibu yanarudi kwa mpangilio ule ule uliotuma, kwa hiyo kujua ni tokeni ipi imekataliwa ni rahisi. Ikirudi UNREGISTERED, yaani tokeni haitumiki tena, tunaifuta tokeni hiyo siku hiyo hiyo. UNAVAILABLE, yaani huduma haipatikani kwa sasa, tunaijaribu tena baada ya kusubiri, tukiongeza muda kila mara. INVALID_ARGUMENT haturudii kamwe, kwa sababu ujumbe ule ule utakataliwa vile vile. Pia send ina umbo la pili linalopokea true mwishoni, na hapo FCM inaukagua ujumbe bila kuufikisha kwa mtu. Umbo hilo ndilo ninaloanza nalo kila tunapoongeza aina mpya ya arifa.

Majaribio ndiyo yaliyobadilisha mpangilio wa msimbo wetu. Katika Java, Message ikishajengwa huwezi kusoma vilivyomo kutoka nje ya maktaba. Jaribio lako haliwezi kuuliza, "Je, miadi_id ni 48213?" Nilihangaika nalo kwa muda, kisha nikaacha kulipima Message. Tuliunda aina yetu wenyewe, ArifaYaMiadi, yenye aina ya tukio, namba ya miadi, muda wa kusubiri na lugha ya mtumiaji. Sheria zote zinakaa humo: kutokuwepo kwa "null", majina ya funguo, Duration, ukaguzi wa baiti. Majaribio yanaipima hiyo. Mwisho kabisa kuna darasa moja dogo linaloigeuza kuwa Message, na darasa hilo tunalipima kwa kutuma kwa ukaguzi tu. Mwenzangu aliyejiunga nasi hivi karibuni aliongeza arifa ya miadi kufutwa kwa asubuhi moja bila kuniuliza kuhusu milisekunde, na nilifurahi sana.

Kwa hiyo naipendekeza? Ndiyo, kwa moyo wote, kwa yeyote ambaye seva yake iko kwenye Java na anatuma kwa Android na Apple pamoja. Ukiwa na arifa za aina moja tu zinazokwenda kwenye mada moja, unaweza kuita HTTP v1 moja kwa moja ukaishi vizuri, mradi JSON usiiunge kwa kubandika maandishi.

Kwangu sasa kimebaki kitu kimoja. Kila ujumbe tunaotuma una ufunguo uitwao toleo, na thamani yake ni "1" au "2". Wapo watu ambao hawajasasisha programu kwa muda mrefu, na programu zao hazifahamu muda_mpya zinapoupokea. Mpaka simu hizo ziishe, seva inaangalia kwanza kila tokeni ilisajiliwa na toleo lipi, ndipo inajenga ujumbe.