Kitochi cha klabu: uzoefu wangu wa kuendesha laini ya simu ya watazama nyota Mbeya

Kitochi chenyewe ni cha kawaida kabisa: laini mbili, vitufe, tochi kichwani, betri ya kutoa. Tulikinunua Mwanjelwa Februari 2024 kwa shilingi 38,000, kwa kazi moja tu, kiwe simu ya klabu yetu ya kutazama nyota hapa Mbeya. Namba tuliibandika mashuleni, kwenye maduka ya vifaa vya shule na nyuma ya bajaji mbili za wanachama. Maneno ya bango ni machache: ukiona kitu angani usichokielewa, piga. Mimi ndiye mratibu wa laini hiyo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo haya ni niliyoyaona mwenyewe.

Watu huniuliza kwa nini tulichukua kitochi wakati kila mwanachama ana simu janja. Ni kwa sababu simu ya klabu inazunguka. Jumatatu iko kwa mwalimu kule Iyunga, Jumanne kwa fundi cherehani wa Mafiati, Jumatano kwa dada anayesoma chuo, na kuendelea. Simu janja ikizungushwa hivyo, kesho utasikia picha za fulani zimeonekana, bando la fulani limeisha. Kitochi hakina cha kupekua. Unampa mwenzio, anakiweka mezani, basi. Chaji inakaa siku nne. Na tukipanda vilima vya nje ya mji mwezi wa sita au wa saba, kwa baridi ya huku kwetu, vitufe vinabonyezeka hata ukiwa umevaa glavu.

Tochi yake ilitusumbua mwanzoni. Jicho linahitaji karibu nusu saa gizani ndipo lione nyota hafifu, na mwanga mweupe wa tochi unaivunja nusu saa hiyo kwa sekunde moja. Tulifunga kipande cha nailoni nyekundu kwa mpira wa pesa. Mwanga mwekundu hauliumizi jicho lililokwisha kuzoea giza.

Sasa simu zenyewe. Nilidhani tutaulizwa mambo ya vitabuni, ya mashimo meusi na mwisho wa ulimwengu. Simu nyingi ni za Zuhura. "Kaka, kuna taa kubwa magharibi, haisogei, ni kitu gani?" Mwanzoni mwa 2025 Zuhura iling'aa sana kila jioni baada ya jua kuzama, na simu zilikuwa zinaanza saa 1 usiku. Mwishoni mwa Machi ikapita kati yetu na jua, ikahamia upande wa alfajiri, na wapigaji wakahama nayo. Ghafla kitochi kikawa kinaita saa 11 alfajiri, wanaopiga ni madereva wa malori na akina mama wanaowahi sokoni. Ilibidi tupange zamu upya.

Zinazofuata ni za lile treni la taa. Mama mmoja alipiga kutoka Chunya, sauti inatetemeka, amewatoa watoto nje kwa sababu taa zimepangana kama shanga na zinakwenda kimya kimya juu ya paa. Ni setilaiti za intaneti za Starlink. Hurushwa kwa kundi, na siku za mwanzo zinafuatana kwa mstari kabla hazijapanda juu zaidi na kutawanyika. Kwetu chini jua limekwisha kuzama, lakini huko juu bado linazipiga, ndiyo maana zinaonekana. Nilimweleza polepole, naye akawaeleza watoto wake papo hapo, nikiwa namsikia. Akamalizia, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Nimewahi kulipwa kwa kazi nyingi, lakini malipo ya namna hiyo sijayapata kwingine.

Halafu kuna za mawe. Huku kwetu haziepukiki, maana Kimondo cha Mbozi kiko jirani, mkoa wa Songwe. Lile ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Mtu akishaliona, kila jiwe jeusi na zito shambani kwake linakuwa kimondo, na anayepiga anataka bei. Hapo tuliandika majibu mapema na kuyabandika ndani ya jalada la daftari, ili kila mwenye zamu aseme kitu kimoja. Kwanza, klabu hainunui, haiuzi na haimtafutii mtu mnunuzi. Pili, tunamwambia ajaribu sumaku. Kama haishiki, kuna uwezekano mdogo sana. Tatu, alisugue jiwe nyuma ya kigae, upande usio na rangi. Likiacha mchirizi mwekundu kama kutu, hilo ni jiwe la madini ya chuma la hapahapa duniani. Mpaka leo hatujapata kimondo hata kimoja kwa njia ya simu. Lakini wawili kati ya waliopiga wameshakuwa wanachama.

Siku za tarehe 29 za Shaabani na Ramadhani simu ni moja tu: mwezi umeandama? Hapa niliwaomba wenzangu tuwe na adabu. Tunamwambia mtu jua linazama saa ngapi, mwezi unazama dakika ngapi baada yake, na aangalie upande gani. Kutangaza ni kazi ya Mufti, si ya kitochi chetu. Hakuna aliyewahi kulalamika kwa jibu hilo.

Simu ninayoikumbuka kuliko zote haikuwa ya kuuliza. Mzee mmoja wa Rujewa aliona namba kwenye bajaji alipokuja mjini kwa matibabu. Nikamwamkia, akaitikia, akaanza kunisimulia tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa na kubaki pete kule kwao Mbarali, kuelekea saa 6 mchana. Wageni walijaa na miwani yao maalumu, yeye hakuwa nayo, akaogopa kuangalia juu. Akaangalia chini. Chini ya mwembe, anasema, kila mahali jua lilipopenya kwenye majani palikuwa na pete, ardhi nzima pete tupu. Na ni kweli inavyokuwa: kila kijitundu kati ya majani kinatupa chini picha ya jua lilivyo wakati huo. Niliandika yote kwenye kaunta buku yetu, kurasa mbili, na nikamsomea ili arekebishe.

Hilo daftari linaingia kwenye tathmini hii kama sehemu ya kifaa. Kitochi peke yake ni nusu ya kazi. Kila simu inaandikwa tarehe, saa, mahali, alichoona, tulichojibu, na kama tumeahidi kumpigia tena. Jina la mpigaji hatuandiki mpaka aridhie. Bila daftari, mwenye zamu ya Jumanne hajui mtu wa Jumatatu aliahidiwa nini, na mtu aliyeahidiwa asipigiwe hapigi tena.

Kasoro za kitochi nilizijua usiku mmoja. Jumapili tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote. Kwetu anga lilikuwa safi. Ulianza kumegwa saa 1:27 usiku, ukawa mwekundu mzima kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52, dakika 82 kamili, na kwa muda wote huo simu haikutulia. Wengi waliuliza kama ni salama kuutazama. Ni salama, mwezi unatazamwa kwa macho matupu. Wengine waliuliza kwa nini unakuwa kama damu, nasi tukaeleza kwamba ni mwanga wa jua uliopita kwenye hewa ya dunia pembezoni, rangi nyingine zimepotelea njiani, nyekundu ndiyo imefika. Asubuhi tukafungua orodha ya waliotukosa ili tuwapigie. Kitochi kinakumbuka namba 20 tu za mwisho. Waliopiga kabla ya hao wamepotea moja kwa moja. Kikasha cha meseji nacho kilijaa katikati ya usiku, na zilizofuata hazikuingia mpaka tulipofuta. Niliumia, maana wale ni watu waliotoka nje na watoto wao wakatafuta mtu wa kumuuliza, wasipate.

Tangu hapo usiku mkubwa wanakaa wawili, mmoja anapokea, mwingine anaandika. Meseji zinafutwa mchana. Na tunazima ile huduma ya simu ya pili kungoja, kwa #43#, ili anayepiga tukiwa tunaongea asikie kwamba simu inatumika na ajue kurudi baadaye, badala ya kuita tu bila kupokelewa akadhani tumempuuza. Ukitaka kuirudisha ni *43#.

Tulijaribu pia kuhamisha simu, yaani isipopokelewa iende kwa mwanachama mwingine. Unabonyeza **61*namba yake**20#, na baada ya sekunde 20 inahama; kufuta ni ##61#. Kwenye karatasi inapendeza. Tatizo ni kwamba kile kipande cha pili cha simu kinalipiwa na laini yako, si ya aliyepiga. Salio likiisha simu inakatika, na mpigaji hajui kwa nini. Tuliiacha ndani ya wiki tatu.

Gharama nyingine si kubwa kama wengi wanavyohofia. Kupokea ni bure, anayepiga ndiye analipa. Pesa inakwenda kwa wanaobipu na wanaotuma "nipigie tafadhali", na hao wengi ni wanafunzi. Tumekubaliana kuwapigia wote, ila mchana, si usiku. Kifurushi cha dakika cha wiki kinatosha, tunachanga shilingi 2,000 hivi kwa wiki. Tuliulizia namba ya bure inayoanzia na 0800, lakini huko gharama yote ya wapigaji inamwangukia mwenye namba. Kwa klabu ya watu 19 haiwezekani.

Kuna jambo ambalo ningependa kila anayefikiria kuanzisha laini kama hii alisome mara mbili. Laini yetu ilisajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ya mwenyekiti wetu wa kwanza, kwa sababu klabu haikuwa na usajili na mwenyekiti ndiye aliyekuwepo dukani siku ile. Hatukulifikiria. Baadaye akapata kazi Mwanza. Kisha kitochi kikaibwa stendi ya Kabwe. Simu ya 38,000 tunanunua nyingine kesho yake, lakini namba iko kwenye mabango ya mji mzima, na kuirudisha kunahitaji kidole cha aliyesajili, si cha mtu mwingine yeyote. Utaratibu huo ni wa haki, unatulinda sote dhidi ya wezi wa namba. Ila sisi tulikaa siku tisa kimya mpaka yeye alipopata nafasi kazini, akaenda dukani kule Mwanza, akachukua laini mpya na kututumia kwa basi. Siku tisa watu wanapiga na kuambiwa hapatikani. Kwa hiyo kabla hujachapa bango hata moja, amua laini ni ya nani, na awe mtu anayekaa mjini na aliyekubali kwa maandishi kwamba namba ni ya klabu. Na yeye mwenyewe awe anaangalia kwa *106# ni namba zipi zimesajiliwa kwa jina lake. Sisi tumeanza safari ya kuisajili klabu ili laini iwe ya klabu yenyewe.

Matapeli nao hawakosi, namba ikishakuwa ya wazi. "Ile hela tuma kwenye namba hii" inaingia karibu kila wiki, na kuna anayejifanya ni huduma kwa wateja akitaka umsomee tarakimu alizokutumia. Kinga yetu ni moja, laini hii haina pesa. Hatukufungua akaunti ya pesa kwenye simu, na michango ina namba yake kwa mhazini, isiyobandikwa popote. Meseji za kitapeli tunazituma 15040 kama TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inavyoelekeza.

Kwa wanaotaka kutuma picha, namba hiyohiyo tuliisajili WhatsApp ya biashara kwenye simu janja ya mwanachama mmoja, huku laini ikibaki kwenye kitochi. Inawezekana, ile tarakimu ya kuhakiki inaingia kwenye kitochi na unaiandika kule. Ujumbe wa mapokezi unajibu wenyewe kwamba tutaangalia jioni. Inasaidia kwa picha za mawe. Kwa mtu mwenye hofu usiku haisaidii, huyo anataka sauti.

Kitochi nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imechukuliwa na orodha ile ya namba 20. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litafunikwa kabisa kule Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika 6, na hapa Tanzania litapatwa kwa sehemu. Safari hii tahadhari ya macho ni kali, watu wengi watapiga kuuliza, na hatutaki kumkosa hata mmoja. Kitochi cha pili tumeshakichangia. Kitapokelewa na fundi cherehani wa Mafiati, na yule mzee wa Rujewa ameshaniambia atakuwa chini ya mwembe wake, tumpigie.