Tathmini ya darasa la Jumamosi la akina mama na watoto katika kanisa moja la Kianglikana, Dodoma

Huduma ninayoitathmini ni darasa la malezi linaloendeshwa na akina mama wa kanisa moja la Kianglikana hapa mjini Dodoma, ambalo sitalitaja jina kwa sababu kasoro nitakazozieleza ziko ndani ya uwezo wa wenyewe kuzirekebisha. Darasa huanza saa nane mchana na kumalizika saa kumi, kila Jumamosi, kwa akina mama wenye watoto wa umri wa kati ya miaka minne na kumi. Hakuna ada. Anayeweza huchangia shilingi 1,000 ya uji, na asiyeweza hunywa uji uleule bila jina lake kuandikwa popote. Lengo lililotangazwa ni kuwalea watoto wawe wakarimu na wasimbague mtu, lakini jambo linalolitofautisha na mafundisho mengi ya watoto niliyoyaona makanisani ni kwamba walimu hushughulika kwanza na sisi wazazi, na watoto hufuata baadaye.

Msingi wa mtazamo huo ni wa zamani katika Kanisa la Kianglikana. Mary Sumner, mke wa kasisi wa Old Alresford kusini mwa Uingereza, alianzisha Mothers' Union, umoja wa akina mama wa Kianglikana, mwaka 1876 akiamini kwamba mama anapaswa kuwa yeye mwenyewe vile anavyotaka watoto wake wawe. Aliwaalika wanawake wa matabaka yote ya parokia ile, matajiri kwa maskini, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika jamii yao, na inasimuliwa kwamba siku ya mkutano wa kwanza alishikwa na woga hata akashindwa kuzungumza, akawaomba warudi juma lililofuata. Leo umoja huo una wanachama wapatao milioni nne katika nchi zaidi ya 80. Ninaitaja habari hii kwa sababu walimu wa darasa letu nao si wataalamu. Ni akina mama wa kawaida, mmoja wao muuza mboga sokoni, na sikuona kwamba hilo limepunguza ubora wa kazi yao.

Somo lililonigusa kuliko yote lilihusu salamu. Tulipewa kazi ya kujichunguza kwa juma zima namna tunavyowasalimu watu mbele ya watoto wetu: mlinzi wa getini, mzoa taka, jirani wa dini nyingine, dada wa kazi. Tuliporudi, hatukuulizwa tulichogundua. Watoto waliambiwa wacheze baba na mama pale kwenye mkeka, nasi tukakaa pembeni tukitazama. Binti mmoja aliyejipa nafasi ya mama alimkaribisha mgeni kwa upole mkubwa, akamtandikia kanga, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akamgeukia mwenzake aliyekuwa dada wa kazi na kumfokea, "We! Maji yako wapi?" Hakuna mzazi aliyehitaji maelezo zaidi. Mwalimu aliuliza tu ni nani katika nyumba zetu asiyeamkiwa na watoto ingawa ni mkubwa kwao, na majibu yalikuwa yaleyale nyumba kwa nyumba. Mtoto anayempa mama mchungaji shikamoo ya heshima huku akimpita mlinzi mwenye mvi bila neno amejifunza mahali fulani nani anahesabika kuwa mtu, na mara nyingi amejifunza kwetu.

Namna walivyompokea mtoto mwenye mtindio wa ubongo inastahili sifa za pekee. Mama yake alifika akiwa amembeba, na mara mtoto mwingine akauliza kwa sauti kwa nini huyu hatembei. Mama wa aliyeuliza alimziba mdomo kwa haraka, kama wengi wetu tunavyofanya tukidhani ndiyo adabu. Mwalimu alimwomba amwache aulize, akamgeukia mama wa mgeni na kumwomba ruhusa ya kujibu, na mama huyo akajibu mwenyewe kwa maneno mepesi, akaongeza kuwa mwanawe anapenda sana mpira. Mchezo wa rede uliokuwa umepangwa uliachwa, watoto wote wakaketi chini kwa duara, miguu wameinyoosha, wakawa wanaviringishiana mpira. Baadaye tulielezwa kwamba mtoto anaponyamazishwa hivyo huondoka akiamini kwamba mwenzake ni aibu isiyotajwa, na imani hiyo ndiyo inayomfanya amkwepe shuleni. Sijawahi kusikia jambo hilo likielezwa vizuri zaidi.

Kuhusu majirani Waislamu, ambao baadhi yao huhudhuria, utaratibu ni wa heshima na wa wazi. Sala ya kufunga hutangazwa mapema ili anayependa kutoka atoke bila kujiona ametengwa, na wala hakuna anayejaribu kuificha imani ya wenyeji. Naliona hilo kuwa sahihi, kwa kuwa watoto wanahitaji kuona kwamba mtu anaweza kuwa Mkristo kamili na bado akamwandalia jirani wa imani nyingine nafasi nzuri mezani pake.

Sasa kasoro. Jengo lina ngazi tano mlangoni na hakuna njia ya kiti cha magurudumu, na ndiyo sababu mama yule alilazimika kumbeba mwanawe ambaye si mdogo tena. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeeleza haki yao ya kuyafikia majengo ya umma, na mafundi wa saruji wamejaa miongoni mwa waumini.

Kasoro ya pili inaniuma zaidi. Katika sherehe ya darasa, akina mama waliokuwa na sare ya kitenge waliketishwa viti vya mbele, na wasiomudu kuinunua wakaelekezwa kwenye mabenchi ya nyuma, pamoja na watoto wao. Jumamosi chache kabla ya hapo tulikuwa tumesoma Waraka wa Yakobo sura ya 2, unaomkemea anayempa mwenye mavazi mazuri nafasi bora na kumwambia maskini asimame kule. Fomu ya kujiandikisha nayo ina sehemu ya kuandika jina la mume wa ndoa, na nilimwona mama mmoja akiikunja na kuiweka mkobani bila kuijaza. Historia ingeweza kuwasaidia hapa, kwani Mothers' Union yenyewe iliwafungia mlango wanawake waliotalikiwa kwa miongo mingi, ikaja kuwafungulia katika miaka ya 1970 baada ya mjadala mrefu. Nilizungumza na viongozi wa darasa kuhusu fomu, wakanisikiliza kwa makini na kuahidi kuibadilisha. Kuhusu sare sikupata jibu la kuridhisha, na nitaendelea kuuliza.

Pamoja na hayo, ninalipendekeza darasa hili kwa mama yeyote mwenye watoto wadogo, awe muumini wa kanisa hilo au la, na zaidi kwa mama anayeweza kuvumilia kuangaliwa mwenendo wake. Anayetafuta mahali pa kumwacha mtoto ili afanye shughuli zake hatafaidika, kwa sababu mzazi hatakiwi kuondoka. Mama mwenye mtoto anayetumia kiti cha magurudumu awape walimu taarifa mapema ili wafanye kipindi chini ya mwembe uani, jambo ambalo wamekubali wenyewe hadi njia ijengwe. Lango hufunguliwa saa saba na nusu, na anayekuja mara ya kwanza aje na chupa ya maji na kanga ya kukalia, kwani mikeka haitoshi.