Jibini lililovimba, na jibu nililopewa kaunta

Vifuniko vilikuwa vimevimba. Vikopo vitatu vya jibini la kupaka, nimevinunua mwenyewe kwenye duka moja kubwa la vyakula hapa mjini Moshi, na vyote vitatu vifuniko vimetuna kama mashavu ya mtoto anayepuliza puto. Nilipotoboa cha kwanza kikashusha pumzi, halafu ikaja harufu. Siyo ya jibini. Ni ya kitambaa cha jikoni kilichosahaulika ndooni siku tatu.

Na kesho yake jioni nilikuwa natarajia watoto 14 nyumbani.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, sherehe ya Halloween ya binti yangu na wenzake wa darasani. Najua wapo watakaoguna. Mama mkwe wangu, mtu wa Uru, aliguna wa kwanza. Nikamweleza kwa adabu kwamba siku hiyo ni tarehe 31 Oktoba, na jina lenyewe kwa Kiingereza maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ileile tunayoisali sisi Wakatoliki tarehe 1 Novemba kabla ya kuwaombea marehemu wetu siku inayofuata. Hiyo desturi ya vinyago na taa za maboga ilifika Marekani na wahamiaji wa Ireland, ambao kwao walikuwa wakichonga tanipu, boga wakalikuta huko huko. Mama alisikiliza, akasema, "Haya, mradi kesho yake mje kanisani." Tulikwenda.

Nilichotaka mimi ni kitu kimoja: watoto waandae vitafunio vyao kwa mikono yao. Kwa hiyo hakuna jiko, hakuna mafuta ya moto, hakuna mtoto wa miaka tisa kusogea karibu na mtungi wa gesi. Kila kitu kikatwe, kipakwe, kipangwe. Tulikaa na binti yangu jioni kadhaa tukichora kwenye daftari. Karoti nyembamba zenye mbegu ya boga iliyomenywa kwenye ncha, zikawa vidole na kucha zake. Ndizi kisukari zilizokatwa katikati, zikasimama kama mizuka yenye macho ya zabibu kavu. Biskuti za chumvi zenye jibini, na juu yake buibui wa zeituni: nusu moja ndiyo mwili, nusu nyingine unaichana miguu minane. Na macho, hayo ndiyo aliyoyapenda kuliko vyote: vidonge vya jibini, kipande cha zeituni katikati kama mboni, na mishipa ya nyanya sosi iliyochorwa kwa kijiti cha meno.

Vidole vile watu wanaviita vya mchawi. Mimi nilikataa. Nikaviita vidole vya zimwi, zimwi la hadithi za bibi, kwa sababu neno mchawi nyumbani kwangu halitaniwi. Shikeni hapo, nitarudi.

Sasa mnaona jibini lilivyokuwa. Ndilo gundi, ndilo macho, ndilo linaloshika ukucha usidondoke. Na mnaona pia hatari yake. Ukipika nyama iliyolala vibaya, angalau moto unakusaidia kwa sehemu. Kitu kisichopikwa hakina wa kukisaidia isipokuwa baridi. Wataalamu wa afya wanatuambia vyakula vya namna hii vikae chini ya nyuzi joto 5, na vikitoka nje visizidi saa 2 mezani. Kwa joto la Moshi la mwezi wa kumi, kabla mvua za vuli hazijapoza mji, mimi hata saa moja naiogopa. Nilikuwa nimepanga hadi barafu ya kuweka chini ya sinia.

Siku niliyonunua, nilipoingiza mkono kwenye friji lao sikusikia baridi. Nilisimama. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akipanga bidhaa, "Mdogo wangu, umeme ulikatika?" Akasema, "Umerudi sasa hivi tu, mama." Nikaamini, kwa sababu umeme kukatika siyo habari hapa kwetu. Nikalipa zaidi ya shilingi elfu arobaini kwa vile vikopo vitatu tu. Jioni hiyo vilikuwa kwenye friji langu, na friji langu linagandisha. Asubuhi nikakuta vimetuna.

Nikavitia kwenye mfuko pamoja na risiti, nikarudi. Nasema kweli, sikwenda kwa shari. Nilitaka nibadilishiwe, nirudi nyumbani nikamenye karoti. Nikafika kaunta, nikasalimia, nikaambiwa nimsubiri msimamizi. Akaja, kijana wa makamo, amevaa tai. "Kaka, habari za asubuhi. Naomba uangalie hivi vifuniko."

Hakuangalia. Aliniangalia mimi. Akasema, "Mama, jibini ni maziwa yaliyochacha. Ulitegemea linukie marashi?"

Nikameza. Nikamwonyesha tarehe kwenye kopo, haijafika. Nikamwambia kikopo kikivimba hivyo maana yake ndani kuna kitu kinachemka, na mimi navitaka kwa ajili ya watoto. Akauliza watoto gani, shughuli gani. Mimi, kwa ujinga wa kudhani kwamba akijua ni watoto atalainika, nikamwambia ni sherehe ya Halloween.

Akacheka. Akageuka kwenye foleni, watu kama saba wamesimama na mizigo yao, akasema kwa sauti: "Ndiyo maana! Mnawafundisha watoto uchawi, mambo yakiharibika mnatafuta wa kumsingizia."

Foleni ikacheka.

Ndugu zangu, pesa ningesamehe. Umeme ningeuelewa. Lakini hilo neno! Hii ni nchi ambayo bibi zetu kule kanda ya ziwa wameuawa kwa kuitwa hivyo, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia. Halafu mtu aliyevaa tai, aliyeajiriwa kuhudumia watu, anamtupia neno hilo mama mwenye mtoto, mchana kweupe, katika mji ambao kila mtu anamjua mwenzake kwa ukoo. Nilishikwa na kigugumizi. Nilijikuta nasema, "Mimi nimekuja na jibini," nikarudia tena, "nimekuja na jibini tu." Hakuzipokea bidhaa. Hela hakurudisha. Aliita mteja aliyefuata.

Nilikuwa nimeshafika nje nikasikia, "Mama, mama, samahani!" Ni binti mmoja wa pale, amenifuata anakimbia na mwavuli wangu niliousahau. Akanipa kwa mikono miwili. Halafu kwa sauti ya chini akaniambia, "Mama, usinunue vya friji hapa. Usiku huwa wanalizima." Akaniomba msamaha kwa ajili ya mtu ambaye hata hakumkosea yeye. Sitasema alivyo wala anakaa sehemu gani ya duka, asije akapoteza kazi. Lakini kama ningekuwa natoa nyota kwa mtu mmoja mmoja, huyo ningempa zote.

Kwa hiyo siyo suala la umeme kukatika. Ni mkono wa mtu unaozima swichi ili kubana bili, asubuhi unawasha, na maziwa yanarudi kuwa baridi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilirudi nyumbani nalia. Jirani yangu, mama mmoja wa Kibosho mwenye ng'ombe wawili wa ndani, aliniona getini akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamsimulia yote. Hakusema kitu juu ya yule kaka. Aliuliza, "Hilo jibini lenu la kupaka, ni kitu gani hasa?" Nikamweleza linavyokuwa. Akasema, "Ah, mama, hilo si mtindi uliokamuliwa?" Akaingia ndani akatoka na ndoo, lita nne za mtindi mzito.

Tukautia chumvi kidogo, tukaumimina kwenye kitambaa cheupe cha pamba tulichokichemsha kwanza kikapoa, tukakifunga fundo, tukakitundika kwenye mwiko juu ya sufuria, ndani ya friji langu. Usiku kucha maji yakadondoka, ya rangi ya kijani kibichi hafifu. Asubuhi tulipofungua kitambaa sikuamini. Mweupe, laini, unapakika, una uchachu mzuri unaokufanya urudie kijiko. Tukagawa: sehemu moja na kitunguu saumu kilichopondwa na giligilani, nyingine tukaiacha nyeupe tupu kwa ajili ya macho.

Tatizo lilikuwa moja, usiku mmoja haukutosha kuufanya ushikamane kama kidonge. Binti yangu ndiye aliyetatua. Alikata tango slesi, akaweka kijiko cha mtindi juu, akabandika zeituni. Jicho! Lenye ukingo wa kijani, baya kuliko tulivyokuwa tumechora. Parachichi tukaliponda na ndimu lisiwe jeusi, tukachora juu yake utando wa buibui kwa mtindi uliotiwa kwenye mfuko wa plastiki uliotobolewa kona. Ndizi nazo tukazipitisha kwenye maji ya ndimu. Watoto walifika saa kumi, wakapanga wenyewe, wakapigania vidole vya zimwi, na saa kumi na moja sinia zilikuwa tupu. Barafu haikupata hata nafasi ya kuyeyuka yote. Hakuna aliyeumwa tumbo. Nilipiga simu kwa wazazi wote kuuliza, hadi mmoja akaniuliza kwani kuna nini.

Sasa duka lile. Nilikaa chini nikitaka kuandika kwamba ni nyota moja tu na msiende kabisa. Lakini nitendewe haki na mimi nitende haki: zeituni zao za kopo zilikuwa nzuri, biskuti hazikuwa zimevunjika, bei ya zabibu kavu ni nafuu kuliko kwingine nilikoulizia. Kwa vitu vikavu, labda mtu anaweza kwenda. Labda hata mimi ningerudi, nikanunua biskuti zangu nikatoka bila kumwangalia mtu.

Halafu nawaza mama mwingine, mwenye haraka, ambaye hakutazama kifuniko. Anafungua, anachanganya na kitunguu saumu, harufu inafichika, anawapa watoto 14. Nani angeitwa mchawi siku hiyo? Siyo aliyezima friji. Hapana. Sirudi, hata kwa kiberiti. Duka la Mangi hapa kona, lenye friji moja la soda na kufuli la kutu, halijawahi kuniuzia kitu kibovu, na likikosea Mangi anasema, "Samahani mama, chukua kingine."

Vile vikopo nimevitupa shimoni. Risiti ninayo. Na mwaka huu jirani nimeshamwambia mapema: lita sita, tarehe 29, ili mtindi ukae kwenye kitambaa siku mbili nzima. Binti yangu anataka macho ya duara.